Kisanduku cha akriliki cha kuonyeshea vipepeo: anza na pini, ndipo ukate bamba

#1 PiniNambaTatu

Wakuu, maswali ya visanduku vya akriliki yanajirudia kila mara na majibu yametapakaa. Tuyakusanye hapa. Naanza na vipimo, maana hapo ndipo kazi inapoharibika kabla msumeno haujashikwa: mtu anapata bamba zuri, anakata kisanduku cha kupendeza, kisha kifuniko kinagonga vichwa vya pini.

Pini ya wadudu ina urefu wa milimita 38 hadi 40. Urefu huo haubadiliki, kwa hiyo kila kitu kingine kinaufuata wenyewe. Ncha huzama kwenye povu (tabaka laini la plastiki la kuchomekea pini) kama mm 9, juu hubaki mm 29 hadi 31. Acha mm 3 hadi 5 za hewa kati ya kichwa cha pini na paa. Kwa hiyo kutoka uso wa povu hadi paa unahitaji mm 34. Povu mm 10. Bamba la kushikia kifuniko mm 3. Jumla: kuta zina kimo cha mm 47.

Kisanduku cha mm 300 × 200 kwa nje, akriliki ya mm 3, kinakatwa hivi:

Paa 300 × 200, moja.
Kuta ndefu 300 × 47, mbili.
Kuta fupi 194 × 47, mbili. Hizi zinakaa katikati ya zile ndefu, ndiyo maana unatoa 6.
Kitako 300 × 200, bamba la mm 5.
Bamba la kushikia 293 × 193, linagundishwa katikati ya kitako.
Povu 291 × 191.

Nafasi ya ndani ya kifuniko (yaani paa na kuta nne zilizoungana) ni 294 × 194, kwa hiyo bamba la kushikia linabaki na nusu milimita kila upande. Usiipunguze. Pembe hazitokei mraba kamili, na gundi ikivimba kidogo kwenye kona ya ndani, kifuniko kitakataa kushuka.

Jambo moja kabla ya kukata: pima unene wa bamba kwa kalipa (kipimio cha unene). Bamba linalouzwa kama mm 3 linaweza kuwa 2.7 au 3.3. Ukitoa 6 kwenye kuta fupi wakati unene halisi ni 3.3, fremu itazidi paa kwa zaidi ya nusu milimita.

#2 MbawaNne

Asante mkuu. Wauzaji wanataja "ya kumiminwa" na "ya kukamuliwa". Ipi inafaa? Na polikaboneti je, si ndiyo haivunjiki?

#3 FundiBamba

Polikaboneti iache. Haivunjiki kweli, lakini inakwaruzika upesi, na kwenye leza inaungua na kugeuka njano ukingoni. Kisanduku cha vipepeo hakirushiwi mawe.

Kwenye akriliki chukua ya kumiminwa ukiipata. Hiyo humiminwa ikiwa majimaji kati ya vioo viwili, ikagandia humo. Ya kukamuliwa husukumwa ikiwa moto kupitia mdomo wa mashine, kama tambi. Tofauti unaiona kazini. Ya kumiminwa ikikatwa kwa msumeno hutoa unga mkavu, ya kukamuliwa huyeyuka na kunata kwenye meno. Ya kumiminwa huvumilia gundi, ya kukamuliwa hupata nyufa za nywele kirahisi. Uzuri wa ya kukamuliwa ni mmoja: unene wake ni sawa kotekote, kwa hiyo vipimo vya mkuu hapo juu havikuchezei.

Njia ya kuzitambua kama bamba halina lebo: chora mstari mwepesi kwa leza. Ukitoka mweupe kama barafu ni ya kumiminwa. Ukitoka angavu ni ya kukamuliwa.

Uangavu ni uleule, zote hupitisha karibu asilimia 92 ya mwanga. Perspex na Plexiglas ni majina ya biashara tu ya kitu hichohicho, msibishane.

#4 MbawaNne

Na kukata? Wengine hatuna leza.

#5 FundiBamba

Kwa mm 3 kisu cha kukwaruzia kinatosha. Weka rula ya chuma, vuta kisu mara 6 hadi 8 mpaka mfereji ufikie theluthi ya unene, linganisha mfereji na ukingo wa meza, kisha vunja kwa mkupuo mmoja. Ukivunja kwa kusitasita, ufa unakimbia pembeni. Vipande vya mm 47 ni vyembamba, huvunjika ovyo ukivishika kwa vidole. Vibane kati ya mbao mbili zilizonyooka.

Msumeno wa meza: diski ya mm 250 yenye meno 60 hadi 80, meno yachomoze juu ya bamba kidogo tu. Sukuma kwa mwendo mmoja. Ukienda polepole mno, akriliki inayeyuka na kujigandisha tena nyuma ya diski. Karatasi ya kinga isitoke bado.

Leza inakula kama mm 0.2 ya upana, izingatie kwenye mchoro. Inaacha ukingo unaong'aa, na hapo ndipo penye mtego. Joto la leza linaacha msongo ndani ya ukingo. Hauonekani kwa macho, lakini gundi ikigusa tu, nyufa kama nywele zinatokea, wakati mwingine baada ya siku mbili. Jaribu kwenye kipande cha taka: paka spiriti ukingoni, subiri dakika 5. Ukiona nyufa, usigundishe hivyohivyo.

Dawa ni mojawapo ya mbili. Ama unaparua ukingo kwa mgongo wa msumeno wa chuma mpaka ule mng'ao uondoke, ama unapasha mabamba kwenye oveni: nyuzi 80 za Selsiasi kwa ya kumiminwa, 70 kwa ya kukamuliwa, saa mbili, yakiwa yamelala bapa bila karatasi ya kinga, kisha uyaache yapoe humohumo mpaka chini ya 50. Oveni nyingi za jikoni hupanda na kushuka nyuzi 15 bila kukuambia. Weka kipimajoto ndani. Karibu na nyuzi 100 bamba lako litakuwa chapati.

Na kung'arisha kingo kwa moto wa tochi: ukingo utakaogundishwa usiuguse na moto kamwe. Kwenye kisanduku hiki ni kingo za kitako tu zinazoweza kupitishwa moto, na ziwe zimepitishwa baada ya bamba la kushikia kukauka siku kadhaa.

#6 BiPapasi

Niongeze kwa wasio na leza: ukingo uliovunjwa au kupigwa msumeno haujawa tayari. Bandika msasa namba 180 juu ya kipande cha kioo, simamisha bamba likiegemea mti ulionyooka, sugua mpaka ukingo wote uwe na rangi moja ya kijivu, malizia na 320. Usiulainishe zaidi ya hapo. Shida kubwa si ukali wa msasa, ni mkono kuyumba. Ukingo ukiwa na mviringo kidogo tu, gundi hushika katikati peke yake na pembeni hubaki mstari wa mapovu ambao utauona kila siku.

#7 PiniNambaTatu

Sasa gundi. Fundi, hii ni ya kwako, na usifupishe.

#8 FundiBamba

Haya. Gundi ya kweli ya akriliki si gundi, ni kiyeyushi. Inalainisha nyuso mbili, zinaingiana, kisha kiyeyushi kinapotea na kubaki plastiki moja. Ndiyo maana haijazi mwanya. Kama kuta mbili zinaachana kwa upana wa karatasi, hakuna kitu cha kujaza hapo.

Nyingi zina dikloromethani. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa karibu mara tatu, unatambaa mezani na kushuka sakafuni, kwa hiyo dirisha la juu peke yake halisaidii, feni ivute chini. Glavu za naitrili hupenywa ndani ya dakika chache. Zikilowa, vua. Barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Nchini Marekani mamlaka ya mazingira ilipiga marufuku matumizi yake mengi, ya nyumbani yote, mwaka 2024, na watengenezaji sasa wanatoa gundi zisizo nayo. Zinashika polepole zaidi, na kwa kisanduku cha vipepeo hilo si hasara.

Vifaa: chupa laini yenye sindano ya geji 25, pembemraba mbili, vijiti vya kuinulia kazi, tepu.

Menya karatasi ya kinga mm 10 tu kutoka kila ukingo utakaogundishwa, kwingine iache. Lakini hizo mm 10 zimenye kweli. Kiyeyushi kikifika chini ya karatasi au chini ya tepu kinanyonywa humo, kinakaa, na kinakula uso wa bamba. Utakapobandua utakuta kovu lenye umbo la tepu. Kwa sababu hiyohiyo tepu ya kushikilia isipite juu ya mstari wa maungio.

Inua kazi juu ya vijiti. Bamba likilala moja kwa moja mezani, tone moja linapita chini yake na kusambaa kama mafuta kwenye karatasi.

Anza na kuta nne. Simamisha, shika kona kwa pembemraba, hakikisha milalo miwili ya fremu (kona hadi kona) inalingana kwa rula. Lalisha fremu kila unapogundisha kona ili mstari wa maungio uwe bapa. Kiyeyushi hupanda kwenye mwanya chenyewe, lakini ukikipa mteremko kinakimbilia upande mmoja. Chupa ijae nusu. Ibonyeze kidogo ikiwa wima, igeuze, kisha ulegeze vidole: inavuta hewa ndani na haidondoki. Hapo pitisha ncha ya sindano kwenye kona ya ndani kwa mwendo sawa, kama unachora mstari. Utaona ukanda wa maungio ukibadilika kutoka kijivu kuwa angavu, unakimbia mbele ya sindano. Pale unapobaki kijivu hakuna kilichoshika.

Usiibane kwa jiliwa. Ukibana, unakamua kiyeyushi chote nje na maungio yanabaki makavu. Uzito wa bamba lenyewe au kidole kimoja vinatosha. Usiguse dakika 5. Ishike kwa tahadhari baada ya saa moja. Nguvu kamili inakuja baada ya saa 24 hadi 48.

Kwa paa, lalisha paa chini, uso wa ndani ukitazama juu, weka fremu juu yake, pitisha sindano kona ya ndani pande zote. Paa ikatwe ikizidi nusu milimita kila upande, yaani 301 × 201 badala ya 300 × 200, halafu ziada iondolewe kwa msasa baada ya siku mbili. Kulinganisha kingo nne kwa macho wakati kiyeyushi kinakauka ni kujitesa.

Tone likidondoka katikati ya bamba: usifute. Narudia, usifute. Liache likauke lenyewe, litaacha duara dogo ambalo msasa wa maji namba 800, 1200, 2000 na dawa ya kung'arishia vitaliondoa. Ukifuta, umepaka kovu kwenye nusu ya paa.

#9 Magamba_Bluu

Maungio yanatoka meupe kama yamepuliziwa unga, na safari hii si kwenye maungio tu, hata kuta za ndani zimepata ukungu. Gundi imechakaa?

#10 FundiBamba

Hapana, hayo ni mambo mawili tofauti.

Weupe kwenye maungio ni unyevu. Kiyeyushi kinapopaa kwa kasi kinapoza uso wa plastiki, hewa yenye unyevu inaacha umande juu yake, na umande unafungiwa ndani. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 60 au 65, subiri siku nyingine au washa kiondoa unyevu. La sivyo tumia gundi inayokauka polepole.

Ukungu kwenye kuta za ndani ni mvuke. Kisanduku ulichokigundisha paa kikiwa kimelala chali ni bakuli, na nimesema mvuke huu ni mzito. Unajaa humo kama maji na kulainisha kuta usiku kucha. Maungio yakishakaa dakika 10, kilaze kwa ubavu au kigeuze mdomo chini juu ya vijiti, mvuke umwagike.

#11 Magamba_Bluu

Kumbe bakuli. Sawa. Na ile gundi ya haraka, ya matone?

#12 BiPapasi

Syanoakrileti? Hapana. Inatoa moshi mweupe unaoganda pembeni mwa maungio kama jivu, na inapasua akriliki. Ndani ya kisanduku kilichofungwa jivu hilo linamkalia kipepeo.

Silikoni inayonuka siki nayo iacheni nje. Ile harufu ni asidi ya asetiki, na pini zenye shaba ndani zinaota kutu ya kijani palepale zinapopita kifuani. Kama ni lazima silikoni, iwe ile isiyonuka siki.

#13 PiniNambaTatu

Hapo tumeingia kwenye povu, ambalo wengi wanalichukulia poa. Linalofaa ni povu la polietilini la vitundu vilivyofungwa, aina ya Plastazote. Linashika pini, halitoi asidi. Polistireni nyeupe ya kwenye makasha ya televisheni inatoa punje, pini inalegea ukiichomoa mara moja, na mvuke wowote wa kiyeyushi unaitafuna. Povu la EVA linatoa asidi ya asetiki lenyewe. Sponji ya poliurethani inasagika kuwa unga baada ya miaka. Mpira una salfa.

Juu ya povu tandika karatasi nyeupe isiyo na asidi, ibandike kwa tepu ya pande mbili pembeni tu. Povu nalo libandikwe hivyohivyo kwenye bamba la kushikia. Gundi za viatu zina viyeyushi vinavyoendelea kutoka wiki nzima.

#14 MbawaNne

Kisanduku kikikauka, kipepeo anaweza kuingia lini?

#15 PiniNambaTatu

Kikae wazi siku tatu. Kisha kifunge usiku mmoja, ukifungua asubuhi na harufu ya utamutamu ikakupokea, bado.

Na kipepeo mwenyewe awe mkavu. Kwenye ubao wa kutandazia mbawa akae wiki mbili, wenye miili minene wiki tatu au nne. Mtu akimwingiza mapema, mbawa zinashuka taratibu na kuvu inaanzia tumboni. Wale wanaotoa mafuta mwilini huogeshwa kwa asetoni. Hao wakauke kabisa kwanza, maana asetoni inayeyusha akriliki mbele ya macho yako.

#16 BiPapasi

Sasa umeme tuli, ambao hakuna aliyeutaja na ndio unaovunja vipepeo wengi kuliko kuanguka.

Kubandua karatasi ya kinga kunaijaza akriliki chaji. Ukikishusha kifuniko cha namna hiyo juu ya kipepeo mkavu, papasi zake (antena) zinainuka zenyewe kuelekea paa, kama nywele mbele ya puto. Papasi kavu haipindi, inakatika. Magamba nayo yanang'oka mbawani na kwenda kujibandika kwenye paa, na kila ukifuta kwa kitambaa kikavu unaongeza chaji na magamba yanazidi kuja. Ndiyo sababu ya zile mm 3 hadi 5 za hewa kule juu. Zisipunguzwe.

Fanya hivi: bandua karatasi zote polepole, mbali na vipepeo. Osha kifuniko kwa maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, suuza, kausha kwa kugusagusa na kitambaa laini cha nyuzi ndogo kilichokamuliwa. Usisugue. Kiache saa chache. Kisha pitisha uzi mwembamba wa pamba karibu na paa kwa ndani, kama sentimita mbili. Uzi ukivutwa, subiri tena au pitisha kitambaa chenye unyevu mara nyingine. Uzi ukining'inia tu, funga.

Hewa ikiwa kavu sana tatizo ni baya zaidi. Siku ya kufunga si siku ya kugundisha: gundi inataka hewa kavu, kufunga kunataka hewa yenye unyevu wa wastani, asilimia 50 hivi.

#17 Magamba_Bluu

Swali kwa PiniNambaTatu: ile nusu milimita uliyoacha si mlango wa wadudu?

#18 PiniNambaTatu

Swali zuri. Nusu milimita iko ndani, kati ya kuta na bamba la kushikia. Kinachofunga ni ukingo wa chini wa kuta unaokaa juu ya kitako. Hapo ndipo pawe bapa. Weka kifuniko juu ya kioo kilicholala, angaza tochi kwa nyuma, mwanga ukipenya sugua kwenye msasa uliobandikwa juu ya kioo mpaka uzibe. Kisha zungushia tepu angavu nyembamba ya nje, au funga kwa skrubu M3 (kipenyo mm 3) nne kupitia kitako kwenye vipande vidogo vya akriliki vilivyogundishwa kona za ndani. Bamba la kushikia na povu vikatwe kona ili kuvipisha. Tundu la mm 3.5 kwenye kitako, umbali kutoka ukingoni usipungue mara mbili ya upana wa tundu, keekee iende polepole. Skrubu ikizidi kukazwa, ufa unaanzia tunduni, si siku hiyo, wiki ijayo.

Adui ni mende wadogo wa Anthrenus. Buu wake aliyetoka kuanguliwa anapita kwenye mwanya wa nusu milimita bila kuinama. Lakini mara nyingi hapiti popote: anaingia akiwa yai juu ya kipepeo. Kwa hiyo kabla ya kufunga, vipepeo wawekwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, friza nyuzi 20 chini ya sifuri, wiki mbili. Ukitoa, usifungue mfuko kwa saa 24, la sivyo umande unatua kwenye mbawa.

Baadaye dalili ni moja: vumbi la kahawia lililolundikana chini ya kipepeo mmoja, juu ya karatasi nyeupe. Ndiyo faida ya kutandika nyeupe. Ukiliona, watoe vipepeo uwarudishe friza. Kisanduku kizima ukikiweka humo, bamba la mm 300 linasinyaa karibu milimita nzima likishuka nyuzi 45, povu linasinyaa kwa kiasi chake, na tepu zinaachia.

#19 MbawaNne

Naftalini haisaidii? Na silika jeli, zile punje za kunyonya unyevu, niweke gramu ngapi?

#20 BiPapasi

Naftalini kwenye akriliki iliyofungwa inapaa na kuganda tena kama sindano ndogo nyeupe kwenye paa na kwenye pini. Paradiklorobenzini inalainisha plastiki kadhaa, polistireni ikiwa ya kwanza. Ukishawagandisha na kuziba vizuri huhitaji hizo sumu.

Silika: piga hesabu kwanza. Nafasi ya juu ya povu ni 294 × 194 × 34, karibu lita mbili. Hewa iliyoshiba unyevu kwa nyuzi 25 inabeba gramu 23 kwa kila mita ya ujazo. Lita mbili hazina hata gramu 0.05. Kifuko cha gramu 5 ni zaidi ya kutosha, na kikizidi kipepeo anakuwa mkavu kupita kiasi na kukatika kwa mtikiso wa meza. Kama kisanduku kinaonyesha umande ndani, unyevu umetoka kwa kipepeo asiyekauka au kwenye karatasi, na silika haitibu hilo.

#21 Magamba_Bluu

Kuna akriliki ya kuchuja miali ya urujuanimno. Kwa Morpho, wale vipepeo wa bluu, sioni haja. Bluu yake si rangi, ni muundo wa magamba unaorudisha mwanga. Haipauki.

#22 PiniNambaTatu

Nusu ya hoja ni sahihi, mkuu. Bluu inatokana na muundo. Lakini chini ya muundo huo kuna melanini nyeusi inayomeza mwanga mwingine wote, ndiyo inayoifanya bluu ionekane nzito. Melanini ikipauka, bluu inabaki juu ya ardhi ya kijivu na inaonekana imechujuka. Na upande wa chini wa Morpho ni wa kahawia, rangi tupu.

Chukua ya kuchuja kama tofauti ya gharama inavumilika, ila isikupe kiburi. Mwanga wa kawaida unaoonekana nao unapausha, polepole tu. Makumbusho huweka vitu vya namna hii kwenye lakisi 50 (kipimo cha ukali wa mwanga). Ukuta unaopigwa na jua moja kwa moja haufai kwa kisanduku chochote, na jua lina ubaya wa pili: paa linapata joto kuliko kitako, linabenuka juu au chini. Mita moja ya akriliki hurefuka mm 0.07 kwa kila nyuzi moja. Ndiyo maana kisanduku kinachozidi mm 400 kiwe na paa la mm 4 au 5.

#23 Magamba_Bluu

Hilo la melanini nimelikubali. Sasa nikitaka pande zote mbili zionekane, bila pini na bila povu?

#24 FundiBamba

Kijiti cha akriliki cha mm 3, urefu mm 10, kigundishwe kwa kiyeyushi katikati ya bamba la nyuma. Kikauke siku tatu kama kawaida, na mvuke wote utoke. Pini ya kipepeo inakatwa usawa wa kifua kwa koleo kali, chini na juu, ukiwa umeshika pini, si kipepeo. Tone moja la gundi nyeupe ya maji juu ya kijiti, kifua kinashushwa hapo, kinaegemezwa kwenye vipande vya povu mpaka kesho yake. Tone likizidi linapanda kwenye manyoya ya kifua na kuyalowesha, yakikauka yanakuwa kama brashi iliyosahauliwa na rangi.

Kuta hapo zinashuka mpaka mm 25 kwa sababu pini haipo. Kisanduku kinakuwa chembamba na kizuri, lakini kipepeo hatoki tena mzima. Kwa aliye nadra nisingethubutu.

#25 BiPapasi

Na hana pa kubebea lebo. Lebo ya mahali, tarehe na aliyemkusanya ikipotea, kinachobaki ni pambo. Kwenye kisanduku cha pini lebo inakaa kwenye pini ileile chini ya mwili. Kwenye hiki cha kijiti, ibandikeni nyuma ya bamba. Kwa wenye Ornithoptera, Troides au Trogonoptera, hati za CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini) nazo zikae na kisanduku, maana jenasi hizo zote zimo kwenye viambatisho vyake na kumvusha mpaka wa nchi bila hati ni kosa.

#26 MbawaNne

La mwisho kwangu: nikikitundika ukutani, tumbo la kipepeo mkubwa halitaanguka?

#27 PiniNambaTatu

Litaanguka, mlango ukigongwa mara za kutosha. Piga pini mbili nyembamba zipishane kama X chini ya tumbo, zisiliguse kwa nguvu, zilipokee tu. Pini kuu nayo izame mm 9 kamili. Ikizama tano, kipepeo anageuka kichwa chini peke yake baada ya miezi.

Kusafisha kukiwa ukutani: kitambaa laini chenye maji na sabuni kidogo, kimekamuliwa. Dawa za vioo zenye amonia na spiriti zinaleta zilezile nyufa za nywele, na zinaanzia kwenye maungio.

#28 Magamba_Bluu

Nimeshapima unene wa bamba langu kwa kalipa: 3.2. Kuta fupi nikate ngapi?

#29 PiniNambaTatu

200 kutoa 6.4, yaani 193.6. Nafasi ya ndani itakuwa 293.6 × 193.6, kwa hiyo bamba la kushikia 292.6 × 192.6. Kimo cha kuta 47.2, kwa sababu bamba la kushikia nalo limenenepa.